Ukifagia, Naondoka

Tarehe 4, mwezi wa nne

Mke mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Kile kikohozi chako cha mvuke wa pasi kimekwisha? Usiniambie kimekwisha kama hakijakwisha, nitajua. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo lina tabia zake, na roho ambayo iko juu juu tangu wiki iliyopita. Nitakueleza.

Kwanza ujue kwa nini nakuandikia. Simu yangu imekufa. Nilikuwa nimeinama kwenye pipa, ikaponyoka kifuani ikaingia kwenye maji ya kostiki. Nilipoiopoa ilikuwa inang'aa kama sahani mpya, lakini haikusema tena. Mama Pacha, unamkumbuka, yule anayenikatia miche ya sabuni, kasema nitumie yake. Sitaki. Yeye akisikia jambo langu asubuhi, mchana soko zima linanipa pole. Na wewe kwenye simu unanikatiza maneno. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho. Dereva wa lori la vitunguu anaruhusiwa kupita barabarani siku hizi, yeye na watu wa vyakula tu. Atakuletea hii, na wewe umpe jibu akigeuza.

Sasa jambo lenyewe. Kostiki imekwisha madukani. Umekulia humu karakanani, sina haja ya kukufundisha: bila kostiki, mafuta ni mafuta tu, hayawi sabuni hata uyachemshe mpaka mwakani. Mwenye duka ananiambia meli zimesimama kwa sababu ya ugonjwa, na kidogo kinachoingia kinakwenda kwenye viwanda vikubwa. Nimebakiwa na robo pipa. Hiyo ni kupika mara mbili, nikibana sana mara tatu. Watu wote wanaambiwa wanawe mikono, halafu mpika sabuni hana cha kupikia. Hebu nieleze hilo, wewe uliyesoma.

Zahanati inachukua kwangu miche mia mbili kila mwezi. Muuguzi mkuu ameniomba niongeze. Nimemwambia nitaongeza, maana mimi sijazoea kusema siwezi.

Baba yako anajua. Sijui nani kamwambia, lakini nadhani ana pacha wawili. Kabla simu haijafa alinipigia, akasema wakati ndio huu, nifunge karakana, nikakae kwake. Nikae kwenye kochi lake la kitambaa cha maua nimwangalie mkewe akiangalia televisheni. Miaka thelathini na moja nimekoroga sabuni, nikamsomesha yeye huyo kwa sabuni hiyo hiyo, leo ananitafutia kochi. Tumebishana. Mwisho nimemwahidi, na neno langu ni neno: ikifika tarehe moja mwezi wa saba sijapata kostiki, nitafunga na nitakwenda. Amefurahi. Hata hakujificha.

Lakini juzi gari la matangazo limepita. Serikali itatoa mgao wa malighafi kwa wenye biashara ndogo, na wapika sabuni wametajwa kwanza. Wanasema ujiandikishe kwenye simu. Mimi nimeacha shule darasa la tatu. Kusoma nasoma, kuandika unaona mwenyewe, ila hayo ya kubonyezabonyeza siyajui. Niandikishe wewe. Andika ukweli wote, usiongeze wala usipunguze. Wafanyakazi wawili, Mama Pacha na Kimya. Andika haraka, nimekaa roho juu.

Bibi yako


Tarehe 12, mwezi wa nne

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nafurahi kusikia u mzima, goti lipe pole. Kikohozi kimepungua (sijasema kimekwisha, umeona). Hapa hotelini wageni hakuna, kwa hiyo dobi tumebaki wanne na tunaingia kazini siku tatu kwa wiki. Chumba changu ni kidogo, lakini nina dirisha, na nina wewe wa kuniandikia.

Nimekuandikisha. Imenichukua jioni mbili maana mtandao wao unakatika ukifika ukurasa wa mwisho. Wameuliza mwaka ulioanza, wafanyakazi wangapi, unazalisha miche mingapi, unahitaji kostiki kiasi gani. Nimeomba mifuko minne. Kwenye jina la biashara nilikwama, kwa sababu hukuwahi kuipa jina. Nimeandika "Sabuni ya Bibi". Usinigombeze, ndivyo watu wanavyoiita.

Sasa sikiliza kwa makini. Kabla hawajakupa chochote, afisa wa biashara atakuja kukagua. Atakuja kati ya tarehe ishirini na thelathini, siku yenyewe hawasemi. Wameandika kwamba mahali pawe nadhifu na pasiwe na msongamano wa watu kwa ajili ya ugonjwa. Kwa hiyo Bibi, panga vitu vyako vizuri. Na ukiwa naye vaa barakoa, tafadhali, usiishushe kidevuni. Na usimgombeze. Najua atakuja na viatu vyake mpaka ndani. Muache aingie.

Baba amenipigia. Anasema tayari amesafisha chumba chako. Na mimi roho iko juu kama yako.

Mjukuu wako


Tarehe 24, mwezi wa nne

Mke mwenzangu,

Hujambo? Kazi inaendaje, hao waliobaki dobi wanakutendea vizuri? Mimi leo hata goti silisikii.

Amekuja. Naanza huku huku juu maana siwezi kungoja nimalize salamu.

Tangu nipate barua yako sikulala vizuri, nikasema huyu mtu hatanikuta mzembe. Nilianza na sakafu. Unaijua ile sakafu, mafuta ya miaka thelathini na moja. Niliisugua kwa brashi ya chuma siku mbili nikiwa nimepiga magoti, mpaka nikaona saruji ambayo sijaonana nayo tangu babu yako yuko hai. Kuta nimezipaka chokaa. Fremu za kumiminia nimeziosha nikaziweka juu ya dari. Mapipa nimeyatoa nje nyuma ya banda la kuku nikayafunika shuka. Ile miche iliyokuwa kwenye vichanja, miche mia mbili na arobaini, inatoa ule ungaunga mweupe ikikauka, unajua, haipendezi machoni pa mgeni. Nimeihamishia yote chini ya kitanda changu. Sufuria kubwa nimeikwangua nikaipindua, nikaiwekea kitambaa na glasi ya maua juu yake. Halafu nikapulizia yale manukato ya babu yako yaliyobaki, maana harufu ya mafuta imeingia mpaka kwenye mbao.

Mama Pacha na Kimya nimewaambia wakae kwao mpaka niwaite. Umesema pasiwe na msongamano. Kimya, ambaye kwa mwezi anatoa maneno matano, akafungua mdomo akasema, "Mama, pamekuwa kama msiba umekwisha." Nikamwambia akalale.

Huyo afisa ni kijana mrefu mwenye mkoba wa ngozi kama wa daktari. Nimempa jina Bwana Mkoba. Alisimama mlangoni akatazama ndani muda mrefu, nikaona kabisa ameshangaa. Nikamwambia aingie tu na viatu, unaona nilivyokutii. Akauliza hapa ndipo mnapozalisha. Nikamwambia baba, tafuta tone moja la mafuta katika chumba hiki, ukilipata mimi si mpika sabuni. Akauliza wafanyakazi wako wapi. Nikamwambia nimewapumzisha. Akauliza vyombo viko wapi. Nikamwambia vimehifadhiwa, usiwe na wasiwasi, hutachafuka. Akatazama maua juu ya sufuria. Akaandika maneno mawili matatu tu, akafunga mkoba, akanishukuru kwa heshima. Hakuwa hata na la kuuliza zaidi. Watu wengine wanakaguliwa saa nzima, wanahojiwa kama wezi. Mimi dakika kumi.

Kwa hiyo nimetulia kidogo. Kidogo tu, mpaka nione mifuko kwa macho. Wakikujibu kwenye simu niambie siku hiyo hiyo. Muuguzi mkuu anataka miche mia nne sasa, wagonjwa wameongezeka. Nimemkubalia.

Bibi yako, na nadhifu kuliko wewe


Tarehe 9, mwezi wa tano

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumai uko salama, na Mama Pacha na Kimya pia. Hapa ugonjwa umefika mtaa wa pili, lakini mimi sijambo.

Bibi, kaa chini kwanza ndipo usome.

Jibu limekuja. Limekataliwa. Nakuandikia maneno yao kama yalivyo: "Eneo halioneshi dalili za uzalishaji. Wafanyakazi hawapo. Vyombo havipo. Biashara imesimama. Ombi limekataliwa."

Wamedhani umefunga, Bibi. Ulipasafisha mno. Alikuta chumba cheupe chenye maua, hakukuta karakana. Wanaogopa watu wanaojiandikisha kwa uongo ili wapate mgao wauze kwa bei ya juu, kwa hiyo wakiona mahali hapana moto wala sabuni wanakata. Mimi ndiye niliyekuandikia pawe nadhifu. Nilikuwa namaanisha ufagie, ndoo zisikae njiani. Sikujua utapaka chokaa.

Kuna nafasi ya rufaa. Wametoa siku thelathini, na siku zenyewe zimeshaanza kuhesabiwa. Wanataka picha za kazi ikiendelea: sufuria motoni, watu wakikoroga, sabuni kwenye fremu. Mwambie Mama Pacha apige kwa simu yake anitumie, mimi nitazipeleka. Rudisha kila kitu mahali pake, pika mara moja tu mbele ya kamera. Itatosha.

Kuna kitu kimoja zaidi, nikinyamaza nitakosa usingizi. Jibu hili nililiona tarehe thelathini. Nilidhani ni makosa ya mtandao. Nilipiga simu ofisini kwao kila siku, nikiwekewa muziki. Nilitaka nikuandikie nikiwa na habari njema. Siku tisa zimepita hivyo. Nisamehe.

Mjukuu wako


Tarehe 14, mwezi wa tano

Wewe msichana,

Salamu. Mzima. Na wewe kuwa mzima.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, sikai chini kwa amri ya mtoto.

Dalili za uzalishaji maana yake uchafu? Mbona hawakuandika hivyo? Wangeandika "tunataka kuona mafuta sakafuni" ningewawekea mafuta. Wameandika nadhifu. Wewe umeandika nadhifu. Mimi nikiambiwa nadhifu na mtu aliyesoma najua maana ya nadhifu. Nimepiga magoti siku mbili na goti hili, nikitafuta kufungiwa biashara yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Hilo ningelimeza. Ninachoshindwa kukimeza ni siku tisa. Unajua nilifanya nini katika siku zako tisa? Nilikuwa na robo pipa la kostiki. Nikasema mgao unakuja, yule kijana aliondoka ameridhika, kwa nini nibane? Muuguzi mkuu ana wagonjwa mpaka kwenye korido. Tarehe nne nikaipika yote. Yote, kwa mara moja, miche mia nne, nikaikwangua mpaka chini ya pipa. Ungeniambia siku ile ile, leo ningekuwa na cha kuweka motoni mbele ya hiyo kamera yako. Sasa sufuria yangu imekauka. Sabuni iko chini ya mikono ya wagonjwa. Nipige picha ya nini, ya banda la kuku?

Mama Pacha ana wazo. Tuchemshe uji mzito wa unga, tukoroge kwa mwiko, kwenye picha hautofautiani na sabuni. Kasema kila mtu anafanya hivyo. Nikamwambia kila mtu aendelee. Nikipewa kostiki kwa sababu ya uji, kila mche nitakaokata nitakuwa naona uji. Alinuna akaenda kwake. Kimya naye nimemwambia atafute kazi nyingine, alibeba aproni yake akaenda.

Baba yako anauliza nipakiwe vitu vipi kwanza.

Usiniandikie tena mpaka mimi nikuandikie. Sina hasira. Nina kazi ya kufikiri, na barua zako zinanichelewesha.

Bibi yako


Tarehe 25, mwezi wa tano

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua umenikataza. Gombeza ukipenda, lakini soma.

Leo nimepeleka rufaa. Sina picha hata moja, kwa hiyo nimeandika barua. Nimewaeleza kwamba uliambiwa nadhifu na mimi, na kwamba kosa ni langu, na kwamba wewe hata jiko lako la nyumbani ni safi mpaka mtu anaweza kulala humo. Nimewaandikia habari za miche mia nne iliyokwenda zahanati, na kwamba wakitaka wamuulize muuguzi mkuu. Nimewaomba afisa arudi. Sijui kama wanasoma barua. Nafasi ya kuandika ilikuwa ndogo, maneno mengine yalikatika.

Chakula nakila bila kukisikia. Kila lori la vitunguu likipita nachungulia dirishani.

Niandikie hata neno moja, hata tusi.

Mjukuu wako


Tarehe 6, mwezi wa sita

Bibi,

Shikamoo. Dereva amerudi mikono mitupu mara ya pili. Anasema alipiga hodi kwako na hakufunguliwa. Mlango umefungwa mchana kweupe, madirisha yamefunikwa magunia, na moshi unatoka. Aliita, akasikia mtu anakohoa ndani. Majirani wakamwambia umesema unapumzika.

Wewe hujapumzika maisha yako yote.

Kama unaumwa nitakuja. Sina kibali cha kusafiri, nitajificha kwenye vitunguu. Baba sijamwambia, maana nikimwambia atakuja na gari leo leo. Ila Bibi, nikikosa barua safari ijayo, namwambia.

Mjukuu wako


Tarehe 19, mwezi wa sita

Mke mwenzangu,

Shikamoo zako zote mbili nimezipokea kwa pamoja, marahaba. Siumwi. Kikohozi alichokisikia dereva ni cha majivu. Na wewe usithubutu kuingia kwenye vitunguu, utanuka mpaka Krismasi.

Nitakueleza kwa utaratibu, na usinikatize.

Kabla hii kostiki ya kwenye mifuko haijafika kwetu, mama yangu alipika sabuni kwa majivu. Unajaza majivu ya kuni kwenye pipa lililotobolewa chini, unamwagia maji juu, yanachuruzika polepole yanatoka meusi na makali yanayochoma ulimi. Hayo ndiyo unayachemshia mafuta. Inatoka sabuni laini, ya kahawia, haishiki kuwa mche hata ungoje mwaka. Unaiuza kwa kuichota kwa kopo. Mimi nilipoanza kazi yangu niliapa sitaiuza sabuni ya kopo, nimeikimbia tangu utoto. Basi nimeirudia. Mwoka mikate wa kona ya pili ananipa majivu ya tanuri, magunia manne kwa wiki. Kimya alirudi mwenyewe siku ya pili, akavaa aproni, hakueleza. Mama Pacha alirudi ya tatu, alieleza mno.

Sasa ungepaona. Mapipa sita yanachuruzika, sakafu yangu imekuwa tope jeusi. Chokaa ya ukutani huioni. Moshi, majivu kwenye nywele, majivu kwenye chai. Kwa hiyo nikafunga mlango na kuziba madirisha. Nilisema nikifa, nifie humu, lakini mtaa usinione nikikoroga sabuni ya kopo. Zahanati walichukua kwa ajili ya kudekia, muuguzi mkuu kasema ya mikono anataka ile ya zamani, na akasema ananingoja mpaka mwisho wa mwezi. Alisema kwa upole. Upole wake uliniuma kuliko angenitukana.

Tarehe kumi na sita, kama saa nne asubuhi, hodi. Nikaendelea kukoroga. Hodi tena. Nikauliza nani.

"Afisa wa biashara, mama. Nimekuja kuangalia mara ya pili."

Mjukuu wangu, nilitazama kile chumba. Nilijitazama mimi. Nilikuwa nimevaa suruali ya marehemu babu yako nimeifunga kwa kamba.

"Njoo kesho," nikamwambia.

"Kesho niko mbali, huku sirudi tena. Leo ndiyo nafunga orodha."

"Basi nipe saa moja nifagie."

Nikasikia viatu vyake vinasogea. Nikadhani ameondoka. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa:

"Mama, ukifagia, naondoka."

Kimya alikuwa ananitazama. Mama Pacha alikuwa ananitazama, mwiko unamdondoshea sabuni miguuni. Nilishika komeo nikaliachia. Nilikumbuka wewe na barua yako iliyokatika maneno. Nilikumbuka kochi. Nikashika tena. Usidhani ni jambo dogo. Nimezaa wanne, hakuna hata mmoja aliyenitoa jasho kama lile komeo.

Nikafungua.

Akaingia akateleza papo hapo, akashika pipa, suruali yake yote majivu. Sikumwambia pole, nilikuwa naona aibu mno. Akaanza kuzunguka. Aliuliza hili la nini, lile la nini, nikawa namjibu neno moja moja. Alimuuliza Kimya amefanya kazi hapa miaka mingapi. Kimya akasema kumi na mbili, akaongeza "na nusu". Alinikuta naonja ile sabuni kwa ncha ya ulimi kujua kama imeiva, akashtuka, nikamwambia ndivyo inavyojulikana, hakuna saa wala kipimo. Akaomba anawe. Alichota kidogo kwa kidole, akanawa kwenye ndoo, muda mrefu, akanusa mikono yake. Akasema mama yake aliwaogesha kwa hii.

Ndipo akatoa karatasi yako kwenye mkoba. Alisema mjukuu wako ameandika kwamba kosa ni lake. Nikamwambia mjukuu wangu ni mwongo. Mimi nilikuwa napaka chokaa kabla baba yake hajazaliwa, hakuna mtoto wa kunifundisha kusafisha, na hakuna wa kubebeshwa usafi wangu. Zile siku tisa ni zako, nazo tumezimaliza. Usinirudishe tena huko.

Aliandika, akapiga picha, akaandika tena. Sikuona anaandika nini. Nilimuuliza kama nitapata. Akasema yeye anapeleka tu, wanaoamua wengine, na mifuko yenyewe ni michache kuliko majina. Jibu litakuja kwenye simu yako.

Zimebaki siku kumi na mbili. Neno langu kwa baba yako ni neno langu, sitaomba nyongeza. Likija jibu, liwe zuri liwe baya, liandike saa hiyo hiyo umpe dereva yeyote, hata wa makaa.

Bibi yako


Tarehe 27, mwezi wa sita

Bibi yangu,

Shikamoo. Sina muda wa salamu ndefu, dereva amewasha injini.

Limekuja asubuhi hii, nakuandikia asubuhi hii. Umekubaliwa. Mifuko miwili, si minne. Nimelisoma mara saba.

Lakini Bibi, chini yake wameandika: "Mzigo haujashushwa bandarini. Subiri taarifa." Nimepiga simu, safari hii mtu amepokea. Anasema inaweza kuwa wiki moja, inaweza kuwa mwezi. Tarehe moja ni Jumatano. Nimempigia baba nikamwomba asubiri. Amesema bibi yako aliahidi mwenyewe, na ameshakodi gari la kubebea masufuria.

Usipande hilo gari. Mwambie goti. Mwambie lolote.

Mjukuu wako


Tarehe 23, mwezi wa saba

Mke mwenzangu,

Hujambo, mimi sijambo, goti halijambo.

Baba yako alikuja tarehe moja kama alivyosema. Nilikuwa nimefunga mizigo, sikumwambia habari ya goti wala kisingizio kingine. Ila alipoifungua karakana na kuona mapipa alisimama pale pale alipoteleza yule afisa, akauliza nani anafanya haya yote. Nikamwambia mimi. Akaketi juu ya mzigo wangu. Jioni akasema gari amelikodi mwezi mzima, hana haraka. Hilo la mwezi mzima alilitunga, nilimsikia akimbembeleza mwenye gari.

Juzi ilikuja ile taarifa ya mzigo uliyomtumia baba yako kwenye simu, na gari la kubebea masufuria yangu ndilo lililokwenda ghalani kuchukua mifuko. Miwili. Nimeihesabu mara nyingi kwa mtu mwenye mifuko miwili.

Tangu jana tunapika. Baba yako yuko kwenye mwiko. Analalamika mgongo, na anakoroga kinyume. Muuguzi mkuu ametuma mtu kuuliza kama bado nitampa miche yake, nimemjibu ndiyo.

Naacha hapa, sabuni inaanza kushika na huyu mtoto wangu anaitazama kama televisheni. Usinijibu wiki hii. Wote hapa tuna mafuta mikononi, barua itachafuka.

Bibi yako